Usiulize Watoto ni Wangapi

Vijana wangu mnaoandikisha watu katika mutueli ya afya, ile bima ya kuchangiana, siku hizi mnapewa simu yenye maswali ndani yake, mafunzo ya siku tatu, na soda. Ni vizuri. Mimi sikupewa soda. Lakini kuna jambo moja ambalo najua hamkufundishwa, nami nalisema kwanza nisije nikalisahau: ukiingia katika ua wa mtu wa huku Maniema, uliza yote, uliza hata mbuzi wake hulala wapi, lakini usimwulize ana watoto wangapi.

Mimi niliuliza. Ilikuwa kijijini Lusangi, asubuhi yangu ya kwanza kazini. Nilivaa shati jeupe, nilibeba daftari kubwa, na nilichomeka kalamu mbili masikioni, moja kila upande, nikidhani hiyo ndiyo elimu. Nilimkuta mzee mmoja amekaa mlangoni anasuka kikapu. Nyuma yake vichwa vya watoto vilijaa kama maboga shambani.

"Baba, uko na watoto wangapi?"

"Mungu amenipa."

"Amekupa wangapi?"

"Wa kutosha."

Nikaandika alama ya kuuliza. Nyumba ya pili, baba mmoja alinijibu "wawili" huku watatu wakimning'inia mguuni na mwingine amempanda mgongoni. Nyumba ya tatu nilimkuta mama anatwanga muhogo. Aliposikia swali langu aliacha kutwanga, lakini mchi hakuuacha.

"Unahesabu watoto yangu kama mbuzi ya soko? Nani alikutuma? Unataka nani apungue?"

Nilikimbia. Kalamu moja ilibaki kwake.

Kwetu mtoto hahesabiwi kwa kinywa. Ukimhesabu, ni kama umemwonyesha njia ya kutokea. Waislamu wa mjini, Wakristo wa mashambani, wachimba dhahabu wasiojulikana wanasali wapi, hawa wote hubishana kuhusu mengi, ila katika hilo ni ndugu. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo mjini Kasongo. Mama yangu alitujua tumetimia kwa kutazama sahani. Nilipovaa shati la kazi nikasahau. Shati la kazi lina hatari hiyo.

Msimamizi wangu wa Kasongo aliposoma ripoti ya mwezi ule aliniita. "Ramazani, hii Lusangi ni kijiji ao ni nyumba ya wazee? Watoto wako wapi?"

"Wako, chef. Mungu amewapa."

Sasa mtauliza mtu kama mimi alifikaje katika kazi ya bima. Niliacha shule darasa la tano. Sikuwa mjinga. Shida ilikuwa dirisha la darasa, lilitazama barabara. Siku moja lilipita lori limebeba lori jingine. Nikataka kujua wanakwenda wapi. Nilirudi nyumbani baada ya miaka minne, na jibu sikulipata. Katikati hapo nilisukuma baiskeli ya mawese kati ya Kabambare na Kasongo, nikachoma matofali, nikachimba dhahabu nikapata tope, nikawa msaidizi wa mpiga picha, kazi yangu ikiwa kushika kitambaa cheupe nyuma ya kichwa cha mteja. Mwisho wa yote nilifika kituo cha afya cha Lusangi na kidole cha mguu kilichopondwa na jiwe.

Muuguzi mkuu wa kituo alikuwa Mama Vumilia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alipokuwa ananifunga kidole nilimuuliza lile daftari ni la nini, ile karte ya kijani, yaani kadi, ni ya nini, kwa nini yule mwenye karte ametibiwa mara moja na yule asiye nayo amerudi nyumbani kutafuta wa kumuuzia baiskeli. Alinieleza mutueli: watu wanaweka mchango wakiwa wazima, ili siku ya homa wasiuze kitu. Nikauliza tena. Nikauliza tena.

"Weye unauliza kuliko mupolisi," akasema. "Kidole kikipona, rudi. Nitakupa kazi ya kuuliza."

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Baada ya ile ripoti ya kijiji bila watoto, alinicheka kwanza, kisha akatoka nami. Tulikwenda kwa yule mama wa mchi. Mama Vumilia alikaa chini, akachukua muhogo, akaanza kumenya. Hakugusa kalamu.

"Mama, nani anakuchotea maji siku hizi?"

"Ni Amisi. Lakini anamwaga nusu njiani."

"Na kuku, nani anafukuza?"

"Sakina. Yule iko na mbio."

"Nani anamaliza mboga ya sombe mbele ya wenzake?"

"Ah! Kasongo-mudogo! Ule ni shimo!"

Kwa mtindo huo tulipata majina manane, na hakuna namba iliyotamkwa. Nami nilikuwa nayaandika pembeni, kimya, kwa ile kalamu yangu, maana mama alikuwa amenirudishia. Tukakubaliana na watu wa Lusangi hivi: sisi tunaandika majina tu, na hesabu itafanywa Kasongo, mbali, ambako hakuna atakayemdhuru mtoto kwa sababu hakuna anayemjua. Kila mtu aliridhika. Yule baba wa "wawili" alikuja mwenyewe kuongeza watano.

Nisiseme kwamba tangu hapo sikukosea. Kuna wiki niliona hata maswali ya Mama Vumilia ni marefu, nikanunua biskuti. Nilisimama katika ua mmoja nikasema, "Mama, ita watoto wako waje wachukue." Mama akaita. Walikuja. Wakaendelea kuja. Wengine walitoka na sare ya shule ya kijiji kingine. Nilikuwa nimeandika majina arobaini na moja chini ya baba mmoja nilipogundua kwamba mtu wa mwisho kwenye mstari alikuwa na ndevu.

Lakini nataka kuwaambia habari za Feza, maana kwa ajili yake ndiyo nilijua kazi hii ni ya nini.

Feza alikuwa na miaka minne. Alilelewa na bibi yake, Koko Mwamini, mkulima wa karanga hapo Lusangi. Mama yake aliolewa tena Kalemie, kando ya ziwa, na baba yake alifuata dhahabu mahali ambapo hata wachimbaji wenzake hawakupajua. Na Feza alikuwa mtoto SS, kama tunavyosema: damu yake ilikuwa na ule ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaofunga viungo kwa maumivu na kukausha damu mwilini. Mtoto wa namna hiyo hasubiri. Macho yakianza kuwa ya manjano, ni kumpakia kwenye pikipiki hadi hospitali ya Kasongo akaongezwe damu. Ukisema ngoja kwanza nitafute wa kununua karanga, utarudi na utakuta watu wamekaa matangani.

Fishi yetu, yaani fomu ya kuandikishia watu, ilikuwa na nafasi ya baba, ya mama, na ya watoto wao. Nafasi ya bibi haikuwepo. Nami nikafanya ujanja. Mahali pa mama niliandika Koko Mwamini, na mahali pa mtoto nikaandika Feza. Nilifurahi sana na akili yangu. Umri wa Koko nao niliujaza, kwa kuwa fishi iliudai.

Baada ya mwaka akaja mkaguzi kutoka Kasongo, kijana wa miwani, mpole sana. Alitaka kumwona mwanamke wa Lusangi aliyejifungua akiwa na miaka sitini na mitatu. Alikuja na kamera. Alidhani ni habari njema.

Koko Mwamini alimtazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Koko, huyu mutoto ulimuzaa ukiwa na miaka ngapi?"

"Baba, andika ile Ramazani aliandika. Mimi sijui kusoma."

Mkaguzi akanigeukia. Nikatazama mti. Ulikuwa mpapai, hauna mengi ya kutazama, lakini niliutazama sana. Hakunifukuza kazi, ila alisema neno lililoniuma kuliko kufukuzwa: "Papa Ramazani, mageuzi yanakuja. Serikali inataka bima ya afya kwa wote. Fishi mpya zikifika, kila mutoto ataandikwa chini ya baba na mama waliomuzaa, na karatasi ya kuzaliwa mukononi. Jina hili litatoka."

Feza hakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Alizaliwa machimboni, na huko hakuna anayeandika chochote zaidi ya gramu.

Mama Vumilia alifanya ukaguzi wake mwenyewe. Alipitia daftari zima la kituo, na jioni akaniita, uso wake umekunjamana. Karibu katika kila ua kulikuwa na Feza. Mtoto wa dada, mtoto wa marehemu kaka, mtoto aliyeachwa na mchimbaji asubuhi moja na hajafuatwa. Fishi mpya ingekuja kuwachambua kama mchele, wa tumbo huku, wengine nje.

"Tutasema," akasema. "Wajumbe wa mageuzi wanakuja Kasongo kusikiliza watu. Weye ndiye utasema."

"Mimi? Niliacha shule darasa la tano!"

"Ndiyo. Bado uko na maneno mengi, hukuyatumia yote."

Nikaandika hotuba ya kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu kwa wakubwa wote kwa vyeo vyao. Ukurasa wa pili ulikuwa hoja zenyewe: Feza, bibi wengine kama Koko, daftari la kituo. Wa tatu ulikuwa shukrani. Mwalimu mmoja aliniongezea Kifaransa kidogo juu yake, kama pilipili.

Tulisafiri kwa pikipiki mbili. Mama Vumilia kwenye moja, mimi na Koko Mwamini kwenye nyingine, Feza katikati yetu. Koko alikataa kwenda mikono mitupu mbele ya wakubwa, akabeba karanga za kukaanga. Alikataa pia kufumba macho kwenye madaraja ya magogo. Alinipigia kelele njia nzima, "Ramazani, kushoto! Ramazani, huko ni maji!" kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kupita hapo.

Ukumbi wa Kasongo ulijaa. Kulikuwa na mashehe, mapadri, masultani wawili, yaani machifu, akina mama wa soko, na waendesha pikipiki waliofuata kelele. Mkuu wa wajumbe alikuwa mtu wa makamo, suti ya bluu, kitambaa cha kufutia jasho mkononi. Alieleza fishi mpya vizuri sana: hapa baba, hapa mama, hapa watoto waliowazaa, nafasi sita. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku: idadi ya watoto. Nikasikia akina mama nyuma yangu wakivuta pumzi.

Nikaitwa. Nilisoma ukurasa wa kwanza bila kukosea cheo hata kimoja. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikageuza, na nikakuta ukurasa wa tatu. Nilitafuta mfukoni. Nilitafuta sakafuni. Wakubwa wakasubiri. Basi nikasoma shukrani, nikakaa.

Hotuba yangu ilikuwa salamu na kwaheri. Mpaka leo kuna watu Kasongo wanaosema ndiyo hotuba nzuri kuliko zote walizowahi kusikia pale.

Ndipo Koko Mwamini akasimama, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa kama pembe.

"Ramazani, hii ndiyo unatafuta? Nilifungia karanga."

Ukumbi ulicheka mpaka sultani mmoja akashika kilemba chake. Lakini Koko hakukaa. Alimwaga karanga kwenye meza ya wajumbe, akainua karatasi yenye mafuta, akaitazama mbele na nyuma.

"Sijui imeandikwa nini humu," akasema. "Mimi nitasema ile najua. Huyu mutoto jina lake Feza. Iko na damu mubaya. Mwaka ule alianguka mara tatu, na mara tatu karte ilimufikisha hapa Kasongo, akarudi anakimbia. Sasa mnasema fishi mupya haimujui, kwa sababu si mimi nilimuzaa. Baba, mama yake nilimuzaa. Huyu alipita kwa nani, kama hakupita kwangu?"

"Koko, tunakuelewa," mkuu wa wajumbe akasema. "Lakini bima ni lazima iwe na mupaka. Tukisema kila mutoto, nyumba moja itaandika kijiji."

Nami nikakumbuka yule wa ndevu, nikainamisha kichwa, kwa sababu hapo mjumbe alikuwa na haki.

Mama Vumilia alisimama taratibu. "Muheshimiwa, mimi ni muuguzi tu. Ninaomba unionyeshe namna ya kujaza fishi hii. Tujaze yako. Weye uko na watoto wangapi?"

Mjumbe alikuwa mtu wa Maniema. Alifungua mdomo. Alifunga. Alifuta jasho.

"Mungu amenipa," akasema.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walipiga meza, walipiga migongo ya wenzao. Mjumbe mwenyewe akacheka, ila alikuwa anatazama mlango.

"Amina," Mama Vumilia akasema, akachukua kalamu. "Basi tuanze pole pole. Asubuhi nani anakupashia maji ya kuoga?"

"Juma. Mutoto ya kaka yangu."

"Nani anakupigia pasi suti hii muzuri?"

"Anjelani... Ule ni wa upande wa mke wangu. Mama yake alikufa."

"Nani anakula chakula chako ukichelewa kurudi?"

"Tuseme ukweli, ni Kibwe. Yeye alikuja kwa likizo, sasa ni mwaka wa tano."

Mama Vumilia alishika fishi juu, watu waione. Mistari sita, yote myeupe. "Muheshimiwa, tumefika watatu, na hakuna hata mumoja anaingia. Wakiugua, wanarudi kwa nani?"

"Mama," mjumbe akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia, "unanivua nguo mbele ya watu."

"Hapana, baba. Ninakuandikisha."

Mjumbe aliichukua ile fishi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akala karanga moja. Kisha akauliza, si kwa ukubwa tena, ni kwa kutaka kujua: "Sasa mupaka tuweke wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, vijana. Kushinda ukumbini ni rahisi kuliko kujibu swali hilo. Tulibishana hadi mchana. Mimi niliungama habari za biskuti mbele ya watu wote, maana bila kosa lile tusingejua hatari iko wapi. Mwisho tukakubaliana: mtoto ni yule anayelala na kula katika nyumba hiyo, na majirani wawili wanamshuhudia. Jirani wa Lusangi hawezi kukushuhudia uongo. Anajua hata idadi ya vijiko vyako.

Mjumbe aliondoka na maneno hayo, nasi tukasubiri. Katika mvua za mwaka ule Feza alianguka tena. Mama Vumilia alimpeleka kwa karte ya zamani, akamwambia yule mkaguzi wa miwani kwamba mpaka fishi mpya ifike, ya zamani iko hai, na anayetaka kuiua aje ambebe mtoto yeye mwenyewe kwenye tope. Mkaguzi hakuja. Baadaye alituma ujumbe kuuliza mtoto amelalaje.

Fishi mpya ilifika kiangazi. Palikuwa na mahali pameandikwa "mlezi". Masharti yetu ya majirani wawili yalikuwa pale, kwa majaribio, kwa Kasongo na Kabambare. Mistari ya watoto ilikuwa bado sita, lakini walituruhusu kupachika karatasi nyingine nyuma kwa pini. Mageuzi mengi ya nchi hii, ukiyageuza nyuma, utaona pini.

Koko Mwamini aliandikwa mlezi, akapiga kidole gumba kwenye wino, na alikataa kunawa siku mbili.

Alifariki miaka saba baadaye, kitandani kwake, baada ya kuvuna. Mama Vumilia alikuwa ameshastaafu na kwenda kwa watoto wake Kindu. Siku ya tatu ya msiba nikauliza, kwa tabia yangu ya kuuliza: karte ya Feza sasa iko chini ya nani? Mama yake wa Kalemie alilia sana kwenye simu, akasema atakuja. Majirani wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

Sasa niwaambie aibu yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandikisha Lusangi nzima, na mimi mwenyewe sikuwa na karte. Kila nilipoanza kuijaza nilikwama kwenye mstari wa "makao ya kudumu". Sikuwahi kuwa nayo. Nilikodi chumba hapa, nikalala kwa rafiki pale, na pikipiki yangu siku zote nimeitazamisha barabarani.

Mama yake hakuja; basi mwaka huo nilijenga vyumba viwili karibu na shamba la karanga, Feza akahamia kwangu, na nikamaliza kazi ya kuandikisha. Siku chache baadaye akaja mmoja wenu, kijana mwenye simu, kuniandikisha. Alikuwa na adabu. Alikaa, akauliza jina, akauliza makao ya kudumu. Nikasema Lusangi, na neno halikunikwama. Majirani wawili walikuwa wamesimama pale, tayari kushuhudia.

"Papa, uko na watoto wangapi?"

Nilifungua mdomo niseme mmoja. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo, hata aliyeacha shule darasa la tano anaiweza. Feza alikuwa mlangoni anachambua mchele, ananisikiliza. Alikuwa amekua, shingo nyembamba, macho meupe kabisa mwezi ule, namshukuru Mungu. Nikamtazama, na mdomo ukakataa.

"Mungu amenipa," nikasema.

Kijana akatazama simu, akanitazama. "Papa, mashini haina nafasi ya jibu hilo."

"Basi acha kuniuliza hivyo. Niulize nani anaficha ufunguo wa pikipiki yangu kila nikisema nataka kusafiri."

"Nani anaficha ufunguo wa pikipiki yako?"

"Feza," nikasema. Akaandika.